Herufi Zisizotafsiriwa Zinazopima Chuma Mwilini Mwako

Hebu itafute ile bahasha ndogo ya dawa uliyopewa mara ya mwisho ulipokwenda zahanati. Ndani mna vidonge. Nje pana maandishi: 1x3, baada ya chakula, siku 5. Maandishi yale hayamezwi, wala hayaui kijidudu hata kimoja. Lakini yakifutika, vidonge vile vile vinaweza kukuponya au kukudhuru, maana hujui umeze vingapi na lini.

Rafiki msomaji, ndani ya seli zako kuna ujumbe uliopangwa namna hiyo hiyo. Katikati unataja kitu cha kutengeneza. Mwanzoni na mwishoni una ncha mbili ambazo hazitengenezi kitu chochote, ila ndizo zinazosema kitengenezwe kiasi gani, na kwa muda gani. Darasani ncha hizi hupitwa haraka haraka. Sisi leo tutazikalia, kwa sababu zinahusu damu yako.

Tukumbushane kwanza

Unajua tayari kwamba maagizo ya mwili wako yameandikwa kwenye DNA, ndani ya kiini cha seli. DNA haitoki nje ya kiini. Seli ikihitaji protini fulani, inanakili jeni yake kwenye uzi mwembamba uitwao RNA mjumbe. Uzi huo una herufi nne tu: A, U, G na C. Unatoka nje ya kiini, unakutana na mtambo mdogo uitwao ribosomu, na ribosomu inasoma herufi tatu tatu. Kila kundi la herufi tatu linataja asidi amino moja. Asidi amino zikiunganishwa kwa mfululizo, basi, umepata protini. Kazi hii ya kugeuza lugha ya herufi kuwa lugha ya protini inaitwa tafsiri.

Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapodhani kwamba ribosomu inaanza kusoma herufi ya kwanza kabisa ya uzi na kuishia herufi ya mwisho kabisa. Sivyo. Kwenye seli zetu, sehemu ndogo ya ribosomu hutua mwanzoni mwa uzi, mahali penye kitu kama kofia ya kemikali, halafu hutembea ikitafuta herufi AUG. Ikizipata, ndipo ribosomu nzima inakamilika na tafsiri inaanza. Ikifika UAA, UAG au UGA, inaachia. Herufi zote zilizo kabla ya AUG ile, na zote zilizo baada ya alama ya kuachia, hazigeuki kuwa protini. Hizo ndizo ncha zisizotafsiriwa: ncha ya mbele na ncha ya nyuma.

Usidhani ni vipande vifupi vya kujazia. Chukua RNA mjumbe ya kipokezi cha transferini, protini tutakayokutana nayo sasa hivi. Sehemu inayotafsiriwa ina herufi kama 2,300. Ncha yake ya nyuma peke yake ina herufi kama 2,500. Yaani kisichotafsiriwa ni kirefu kuliko kinachotafsiriwa! Mwili hautunzi herufi 2,500 bure.

Chuma: ukikosa taabu, ukizidisha taabu

Mwili wa mtu mzima una madini ya chuma kama gramu 3 hadi 4 tu, uzito ambao hata kijiko cha chai hakijai. Karibu theluthi mbili ya chuma hicho kimo ndani ya himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu na kubeba oksijeni. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Ikizeeka, seli za wengu na ini huimeza, huchomoa chuma chake na kukirudisha kazini. Kila siku uboho unahitaji chuma cha miligramu 20 hadi 25 ili utengeneze chembe mpya, na karibu chote kinatoka kwenye chembe zilizokufa. Kutoka kwenye chakula tunapata miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Hesabu hiyo inabana sana. Msichana anayepata hedhi, au mtu yeyote mwenye minyoo ya safura inayomnyonya damu utumboni, anaweza kuingia kwenye deni bila kujua.

Ukiwa na deni la chuma unachoka upesi, unasikia kizunguzungu, moyo unakwenda mbio ukipanda kilima, na daftari unaliona zito. Wengine hushikwa na hamu ya kula udongo au mchele mbichi. Mwalimu anaweza kusema ni uvivu. Mara nyingine ni damu.

Sasa utauliza, kama chuma ni kizuri hivyo, kwa nini seli isijaze tu ghala? Kwa sababu chuma kilicho huru ndani ya seli ni hatari. Kikikutana na haidrojeni peroksaidi, ambayo seli huitoa katika shughuli zake za kawaida, huzaa kemikali kali zinazounguza mafuta ya utando wa seli na kuikata DNA yenyewe. Ndiyo maana vidonge vya chuma havitakiwi kuachwa mezani palipo na mtoto mdogo: akivimeza vingi kwa kudhani ni peremende vinaweza kumuua.

Kwa hiyo seli ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuingiza chuma, na hiyo hufanywa na kipokezi cha transferini. Ni kama mlango kwenye ukuta wa seli. Kinapokea transferini, protini inayosafirisha chuma ndani ya damu. Ya pili ni kuweka akiba kwa usalama, na hiyo hufanywa na ferritini. Ferritini ni ghala la duara lililojengwa kwa vipande 24 vya protini, na ndani yake zinaweza kukaa atomu 4,500 hivi za chuma bila kumdhuru mtu.

Chuma kikipungua, seli inataka milango mingi na maghala machache. Kikizidi, inataka milango michache na maghala mengi. Nani anaiambia?

Kitendawili cha panya

Katika miaka ya 1960 mwanasayansi Hamish Munro na wenzake walikuwa wakichunguza maini ya panya. Waliona kwamba panya akidungwa chuma, ini lake hutengeneza ferritini nyingi zaidi. Hapo hakuna ajabu. Ajabu ni hii: hata panya alipopewa dawa ya kuzuia utengenezaji wa RNA mpya, ferritini iliongezeka vile vile.

Fikiri kidogo kabla hujaendelea. Kama RNA mpya haikutengenezwa, agizo la kujenga ferritini lilitoka wapi?

Lilikuwa lipo tayari. RNA mjumbe ya ferritini ilikuwa imeshaandikwa, imeshatoka kwenye kiini, na imekaa nje ikisubiri. Kitu fulani kilikuwa kinaizuia isitafsiriwe, na chuma kilipoingia, kizuizi kile kikaondoka. Mpango huu una faida kubwa. Seli yenye chuma kinachoingia kwa wingi haina muda wa kurudi kwenye kiini, kufungua DNA na kunakili upya.

Kizuizi chenyewe kilipatikana mwaka 1987. Matthias Hentze na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya Richard Klausner huko Bethesda, Marekani, walichunguza ncha ya mbele ya RNA mjumbe ya ferritini ya binadamu. Walikuta kipande kifupi, herufi kama 30 tu, kinachojikunja na kujishika chenyewe kama kibanio cha nywele. Juu ya kibanio kuna kitanzi cha herufi sita, na tano za kwanza ni CAGUG.

Walijuaje kwamba kipande hicho ndicho chenye amri? Ncha ile ya ferritini waliibandika mbele ya jeni ya bakteria isiyohusiana kabisa na chuma, wakaitia ndani ya seli. Jeni ile nayo ikaanza kutii chuma! Kikiongezeka, protini yake inatengenezwa, kikipungua, inazuiwa. Walipokiondoa kile kibanio, utii ukaisha. Kwa maoni yangu hili ni moja ya majaribio safi kabisa unayoweza kumsimulia mtu asiye na maabara, maana swali ni moja na jibu ni moja.

(Ujanja huo wa kubandika ncha ya jeni moja kwenye jeni nyingine umekwisha kutufikia mikononi, tena begani. Chanjo ya Uviko-19 ya Pfizer na BioNTech, iliyoanza kutumika mwaka 2020, ni RNA mjumbe. Sehemu yake ya katikati inataja protini ya kirusi, lakini ncha yake ya mbele imetokana na ile ya alfa globini ya binadamu, mojawapo ya protini za himoglobini. Ncha hiyo ilichaguliwa kwa sababu ribosomu zetu huitafsiri vizuri.)

Mlinzi mmoja, kazi mbili

Kibanio peke yake hakizuii kitu. Kuna protini inayokishika. Sisi tuiite mlinzi. Mlinzi huyu ana maumbo mawili. Chuma kikiwa kingi, anabeba ndani yake fungu dogo la chuma na salfa, na katika hali hiyo hawezi kushika RNA. Anafanya kazi nyingine kabisa kama kimeng'enya, ndugu wa kile akonitasi cha mzunguko wa Krebs ambacho wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanakifahamu. Chuma kikipungua, fungu lile linatoka, umbo la mlinzi linafunguka, na sasa anaweza kukumbatia kibanio. Yuko pia mlinzi wa pili anayefanana naye, ila yeye chuma kikiwa kingi huvunjwavunjwa kabisa. Ukitazama vizuri utaona kwamba walinzi hawa ndio mizani yenyewe: seli inapima chuma kwa kuangalia kama mlinzi anashika au hashiki.

Sasa fuatilia polepole, maana hapa ndipo penye utamu.

Kwenye RNA ya ferritini, kibanio kipo ncha ya mbele, karibu na kofia. Chuma kikipungua, mlinzi anakishika, na ribosomu haipati mahali pa kutua. Ni kama mtu aliyekaa mlangoni, wateja hawaingii. Ghala halijengwi. RNA yenyewe haiharibiki, inasubiri tu. Chuma kikiingia, mlinzi anaachia, ribosomu zinatua, na maghala yanajengwa.

Kwenye RNA ya kipokezi cha transferini, vibanio vya aina ile ile vipo vitano, na vyote viko ncha ya nyuma. Huko nyuma ribosomu haihitaji kutua, kwa hiyo mlinzi hawezi kuizuia. Ila kuna hatari nyingine: vimeng'enya vinavyokata RNA kama mkasi. Mlinzi akivishika vibanio, mkasi haupati pa kukata. RNA inaishi muda mrefu, inatafsiriwa mara nyingi, na milango ya chuma inaongezeka. Chuma kikiwa kingi mlinzi anaachia, mkasi unakata, uzi unachakaa upesi, na milango inapungua.

Umeiona? Alama ni moja, mlinzi ni mmoja, na upungufu ni ule ule mmoja. Mbele anafunga, nyuma anakinga. Jibu linageuka kwa sababu ya mahali alama ilipowekwa. Na katika habari yote hii hakuna herufi hata moja ya protini iliyobadilika.

Herufi moja, familia nzima

Ugonjwa wa selimundu umeusoma. Herufi moja inabadilika katika sehemu inayotafsiriwa ya beta globini, asidi amino moja inakuwa nyingine, na himoglobini inakuwa na kasoro. Hilo ni kosa katika kidonge chenyewe. Je, kosa likiwa kwenye maandishi ya bahasha?

Mwaka 1995 madaktari wa Italia na Ufaransa walieleza habari za familia ambamo mzazi na baadhi ya watoto walipata mtoto wa jicho mapema, wakati tunajua kwamba kwa kawaida huo ni ugonjwa wa wazee. Damu zao zilipopimwa zilionekana kuwa na ferritini nyingi mno. Daktari akiona ferritini nyingi hushuku kwamba mwili umejaa chuma, na tiba ya chuma kilichozidi ni kumtoa mgonjwa damu mara kwa mara. Basi wako wagonjwa wa aina hii waliotolewa damu, na upesi wakapata upungufu wa damu! Chuma chao hakikuwa kimezidi hata kidogo. Maghala yalikuwa mengi, lakini matupu.

Katika familia ya Ufaransa, DNA ilionyesha kwamba kwenye kitanzi cha kile kibanio, herufi A ilikuwa imegeuka G. Badala ya CAGUG ikawa CGGUG. Mlinzi alishindwa kuishika vizuri, na bila mlinzi mlangoni RNA ikawa inatafsiriwa mchana na usiku, chuma kiwepo kisiwepo. Kipande cha ferritini kilichotengenezwa kilikuwa sahihi kabisa kwa kila asidi amino, ila kilikuwa kingi kupita kiasi. Ndani ya lenzi ya jicho kilijikusanya na kuganda kama fuwele, na mwanga ukashindwa kupita sawasawa. Mtoto wa mzazi mwenye kasoro hii ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi.

Ni ugonjwa nadra sana, kwa hiyo usianze kumtazama mwenzako macho kwa wasiwasi. Wanaoupata hufanyiwa upasuaji wa lenzi kama wagonjwa wengine wa mtoto wa jicho, na ferritini yao huachwa ilivyo. Faida ya kuujua ni kwamba hawatolewi damu bure.

Na wewe je?

Huwezi kuwaamuru walinzi wako, na huna haja. Unachoweza ni kuwapa kitu cha kupima. Chuma kinapatikana kwenye nyama, maini, dagaa, maharage, kunde na mboga za majani. Kile cha nyama na samaki huingia mwilini kwa urahisi zaidi. Cha maharage na mboga kinahitaji msaada, kwa hiyo kamulia limau, au kula chungwa au embe pamoja na mlo. Chai ya rangi ukinywa na chakula inakishika chuma kabla hakijaingia. Ingoje saa moja hivi baada ya kula. Udongo ule unaouzwa sokoni hautakulipia deni, na unaweza kukuletea mayai ya minyoo. Vaa viatu na tumia choo, maana mabuu ya safura huingilia kwenye ngozi ya miguu. (Utumbo nao una msimamizi wake anayeamua chuma kiasi gani kiingie, homoni ya ini iitwayo hepsidini. Hiyo tuiache kwa siku nyingine.)

Vidonge navyo? Kwa wasichana wanaopata hedhi, mahali ambapo upungufu wa damu umeenea, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kidonge kimoja kwa wiki, chenye chuma miligramu 60 na asidi foliki miligramu 2.8. Shuleni kwenu vikitolewa kwa utaratibu huo, meza. Lakini usijinunulie dukani na kujipimia mwenyewe eti kwa sababu unachoka. Uchovu unaweza kuwa wa malaria, na chuma bila kinga na matibabu ya malaria kina hadithi yake hapa hapa kwetu.

Kisiwani Pemba kulifanyika utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo chuma na asidi foliki kila siku, katika eneo lililokuwa na malaria nyingi. Nia ilikuwa njema: watoto wengi walikuwa na upungufu wa damu. Mwaka 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu watoto waliopewa chuma waliugua vibaya na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Hata hivyo, katika kundi dogo lililopimwa damu kwanza na kufuatiliwa kwa karibu kwa ajili ya malaria, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika. Tangu hapo ushauri wa kutoa chuma kwenye maeneo ya malaria huenda pamoja na kinga na matibabu ya malaria.

Kwa hiyo ukijisikia mchovu wiki baada ya wiki, nenda kituo cha afya upimwe himoglobini na malaria. Hospitali kubwa zinaweza kupima hata ferritini. Ikiwa chini, akiba yako imekwisha. Ikiwa juu, bado si jibu kamili, kwa kuwa hata maambukizi ya kawaida huipandisha.

Jipime

1. Ungehamisha kibanio kimoja cha ferritini kutoka ncha ya mbele na kukiweka ncha ya nyuma, je, RNA ile bado ingezuiwa kutafsiriwa chuma kikipungua? Eleza.

2. Mgonjwa ana herufi iliyobadilika kwenye ncha ya mbele ya RNA ya ferritini. Mwenzako anasema, "Basi ferritini yake lazima iwe na asidi amino isiyo sahihi." Amekosea wapi?

3. Chora RNA mbili, ya ferritini na ya kipokezi cha transferini, ndani ya seli ya mtu aliyepoteza damu nyingi. Onyesha mlinzi yuko wapi kwenye kila moja. Halafu chora tena seli hiyo hiyo baada ya kupata chuma cha kutosha, na umwonyeshe mwenzako aliyekosa kipindi.